Kutoka Beni kupanda Butembo: mji wa milimani usio na kuta

Picha ilikuwa ndani ya kitabu cha historia cha shule: mji wa Ulaya wa karne za kati, umejengwa juu ya kilima, umezungushiwa ukuta wa mawe, una lango moja kubwa na mnara wa kanisa katikati. Msichana wa miaka kumi na miwili, anayesoma mwaka wa sita wa shule ya msingi katika komini ya Bungulu mjini Beni, alikiweka kitabu mezani wakati wa chakula cha jioni, akamuuliza baba yake: « Papa, mji wetu sisi wa namna hii uko wapi? »

Baba, ambaye kazi yake ni kununua kakao vijijini, hakuwa na jibu. Alimgeukia mzee wake, aliyekuwa amekaa karibu na redio. Mzee ana miaka zaidi ya themanini. Alipunguza sauti ya redio, akaiangalia ile picha kwa muda, kisha akasema: « Uko. Lakini ulihama. »

Ndivyo safari ya siku moja ilivyozaliwa. Jumamosi iliyofuata watu watano wa nyumba hiyo, yaani mzee, baba, mama, yule msichana na mdogo wake wa kiume wa miaka minane, waliingia ndani ya gari waliloazimwa na jamaa, wakashika barabara ya Butembo.

Mpango wa kwanza wa mzee ulikuwa kushuka, wala si kupanda. Alitaka kuwapeleka wajukuu mashariki, kwenye bonde la mto Semliki, mahali palipokuwa Beni ya zamani. Mama alikataa tangu mwanzo, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Mahali hapo leo pako ndani ya Hifadhi ya Virunga, watu hawaingii kama wanavyoingia sokoni. Tena tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza kuzunguka Beni, mauaji ambayo wengi wanayaweka juu ya waasi wa ADF, hakuna mama wa Beni anayewapeleka watoto porini kwa ajili ya kutembea. « Papa, » alimwambia baba mkwe wake kwa heshima, « historia tutaisikiliza tukiwa hai. »

Kwa hiyo mzee aliisimulia Beni ya zamani akiwa amekaa kiti cha mbele, gari likisubiri baba amalize kuwapigia simu madereva wawili waliolala Butembo, ili ajue barabara ilikuwa namna gani asubuhi hiyo. Kwa watu wa hapa simu ile ni sehemu ya safari, kama vile kuweka mafuta.

Wengi waliozaliwa baada ya uhuru wanadhani Beni imekuwa siku zote pale ilipo, kuzunguka Rond-Point Nyamwisi. Sivyo. Jina Beni lilikuwa la mahali pengine, chini, kwenye joto, kando ya Semliki. Mwaka 1889 Stanley alipita katika bonde hilo akielekea ziwa ambalo baadaye liliitwa Edouard. Mwaka 1891 akapita Mjerumani Franz Stuhlmann, aliyepanda Rwenzori kwa upande huu wa magharibi mpaka mahali pa baridi kali kisha akarudi. Lakini wazungu hao hawakuwa wageni wa kwanza. Watu wa Kilonga-Longa, mfanyabiashara wa pembe aliyekuwa na kambi yake Ipoto ndani ya msitu wa Ituri, walikuwa wamekwisha kufika mpaka Semliki, wakitafuta pembe za ndovu na kukamata watu. Wamanyema hao walikuja na bunduki, na walikuja pia na Kiswahili. Lugha ambayo Beni na Butembo wanaitumia leo sokoni na kanisani iliingia kwanza kwa njia hiyo chungu, kabla ya wamisionari na askari wa Force Publique kuieneza.

Miaka ya 1890 Dola Huru ya Kongo, ile mali ya mfalme Leopold, iliweka kituo chake cha kijeshi kando ya mto. Kwenye ramani kiliandikwa Fort Beni. Mwanamfalme mmoja wa Kijerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alipita hapo katika msafara wake wa 1907 na 1908. Mapadri wa Moyo Mtakatifu nao waliweka misioni yao huko bondeni mwanzoni mwa karne ya 20. Mji ulikuwa umeanza. Kama bahati ingekuwa nyingine, ramani za leo zingeonyesha mji mkubwa pale kwenye nyasi za Semliki.

Kilichouondoa ni ndorobo, yule nzi anayeleta malale, ugonjwa ambao wazee wengi wanauita ugonjwa wa usingizi. Bonde liliumwa. Serikali ya kikoloni ikaamua kwamba dawa ni kuwaondoa watu, na vijiji vya tambarare vikaamriwa kupanda kwenye vilima vya magharibi. Baba yake mzee huyu alikuwa kijana mdogo wakati huo. Alibebeshwa kuku wawili na mkeka, hayo ndiyo aliyoyasimulia mpaka kufa kwake, kuku wawili na mkeka.

Wakati huohuo hifadhi ilikuwa inakua. Mfalme Albert wa Ubelgiji aliianzisha mwaka 1925 kwa ajili ya sokwe wa milima ya volkano, mbali kusini. Ikapanuliwa mwaka 1929, ikapanuliwa tena mwaka 1935, mpaka tambarare za Semliki na Rwenzori ya upande wa Kongo zikawa ndani yake. Ardhi iliyoachwa na watu ilikutwa tupu, ikahesabiwa kuwa ya wanyama.

« Kwa hiyo watu walihamishwa kwa sababu ya ugonjwa, » mama aliuliza kutoka kiti cha nyuma, « na walipotoka, shamba likafungwa? »

« Baba yangu aliambiwa watarudi, » mzee alijibu.

Hifadhi ilipewa jina la Virunga mwaka 1969, na mwaka 1979 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Hakuna mtu mwenye akili anayetaka viboko na ndovu waishe. Lakini ugomvi wa mipaka ya hifadhi unaosikika kila mwaka, kuanzia kwa wavuvi wa Kyavinyonge mpaka pembeni mwa mji wa Beni, hauwezi kueleweka na mtu asiyejua habari ya kuku wawili na mkeka. Familia nyingi za hapa zina habari kama hiyo. Makaburi yao yako upande wa pili wa mpaka ambao hawakuuchora.

Baba alirudi. Barabara ilikuwa salama. Kulikuwa na saa moja asubuhi, na mawingu yalikuwa bado hayajafunika Rwenzori. Watoto waliona theluji kule juu, kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5.109, na yule mdogo akauliza kama theluji inauzwa.

Kati ya Beni na Butembo kuna kilomita 54. Zamani za matope safari hiyo ilikula siku nzima, tena dereva alilala njiani bila kushangaa. Kazi za lami zilianza mwishoni mwa mwaka 2021, kwa mapatano ya Kongo na Uganda, katika mradi uleule wa barabara ya Kasindi. Kupanda kunaanza polepole. Beni iko karibu mita 1.100 juu ya bahari, Butembo inapita 1.700, na tofauti hiyo inasomeka shambani kabla ya kusikika mwilini. Mwanzoni ni kakao na michikichi. Baba aliwaonyesha watoto kakao changa chini ya kivuli cha ndizi, akawaeleza kwamba zao hilo ni la juzi hapa: kahawa ya robusta ndiyo iliyotawala, mpaka ugonjwa wa kukausha mikahawa ulipoiua miaka ya 1990, na wakulima wakageukia kakao. Kisha michikichi inapungua, inakuja kahawa ya arabika, viazi, maharagi, na mikaratusi mistari kwa mistari. Madirisha yakafungwa. Mama akatoa sweta.

Karibu na Maboya gari lilisimama ili mzee anyooshe miguu. Hapo ndipo alipoanza kujibu swali la mjukuu wake kwa kweli.

Alimwomba aangalie mlima uliokuwa mbele yao, wenye mashamba mpaka kileleni. Akamwuliza: nani aliyeujenga? Msichana alidhani ni mtego. Mzee akasema mlima ule wote ulikuwa msitu. Wayira, ambao vitabu vinawaita Wanande, waliufungua kwa shoka. Walioukata wa kwanza waliitwa abakondi, maana yake wakata msitu, na cheo chao kilikuwa kikubwa, kwa sababu aliyekata wa kwanza alikuwa mwenye ardhi. Waliokuja baada yake walikaa kwa ruhusa yake, wakimletea zawadi kila mwaka. Wami, yaani machifu, walifika wakakuta wenye ardhi tayari, ikabidi wapatane nao. Mwanahistoria wa Kimarekani Randall Packard, aliyeandika kitabu kizima juu ya Wabashu wa milima hii mwaka 1981, alionyesha jinsi nguvu ya mwami ilivyofungwa na mvua na mavuno: njaa ikiingia, watu wanajiuliza kama mwami wao ni wa kweli. Ufalme wa namna hiyo hauhitaji ukuta mrefu. Unahitaji mvua inyeshe kwa wakati wake.

« Lakini ukuta ungebaki, » msichana alisema. « Mvua haibaki. »

Mzee alicheka, akakubali kwamba mtoto amemshika.

Waliingia Butembo karibu saa tatu. Mtu anayetoka Beni anaiona Butembo kwa miguu yake: hakuna mtaa ulio sawa, kila njia ama inapanda ama inashuka. Chukudu zilizobeba viazi na mbao zilikuwa zinateremka kwa kasi, wenye chukudu wakipiga kelele kuomba njia, na mdogo wake msichana akatangaza kwamba ameacha kutaka kuwa rubani.

Mji huu hauna umri mkubwa kwenye karatasi. Miaka ya 1920 kulikuwa na vijiji juu ya vilima na soko. Kampuni ya Kibelgiji ya Minière des Grands Lacs, MGL, iliyochimba dhahabu magharibi kwa upande wa Manguredjipa na Lutunguru, ndiyo iliyoweka hapa makao, magereji, nyumba za wafanyakazi na hospitali ya Kitatumba. Baridi iliwapendeza wazungu, na mbu walikuwa wachache. Mweusi aliitwa afanye kazi, jioni arudi upande wake wa mji, kama ilivyokuwa katika miji yote ya Kongo ya Wabelgiji. Hadhi ya ville, Butembo iliipata mwaka 2003 tu, sawa na Beni, ikiwa na komini nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba.

Hata jina la kanisa lilipanda mlima. Waassomption waliofika mwaka 1929 walipokea kazi ya misioni, na mwaka 1934 Roma ilitenga eneo hili kwa jina la Beni. Likawa vikarieti mwaka 1938, na jimbo la Beni mwaka 1959. Mwaka 1967 jina likabadilishwa kuwa Butembo-Beni, kwa kuwa nguvu ilikuwa imekwisha hamia juu. Mzee aliifurahia sana tarehe hiyo. « Mnaona? » alisema. « Hata maaskofu walihama. »

Baba alikuwa na historia yake ya Butembo, na njiani kuelekea soko kuu aliisimulia kwa sauti kubwa kuliko ya mzee. Kwake yeye mji ulianza na wafanyabiashara. Wakati serikali ya Mobutu ilipokuwa haitengenezi tena hata daraja, wafanyabiashara wa Butembo waliuza kahawa na dhahabu, wakarudi na bidhaa kutoka Kampala, Nairobi, Dubai, baadaye mpaka China. Walijichanga wenyewe kwa ajili ya barabara. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo tangu 1966, aliwatoa watu kwa salongo, tajiri na maskini na majembe yao, na mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kikazaliwa mjini humu. Mwaka 1997 alitumwa Bukavu kuwa askofu mkuu. Waasi wa RCD walipomchukia kwa barua zake, walimzuia asikae Bukavu, na tangu Februari mpaka Septemba 2000 uhamisho wake ulikuwa hapahapa Butembo, kwa watu wake. Alirudi Bukavu kwa shangwe, kisha akafa Roma tarehe 4 Oktoba mwaka uleule. Baba alikuwa kijana wakati huo, na bado sauti yake inashuka akifika hapo.

« Hiyo ndiyo historia, » alimalizia. « Mambo ya mababu kabla ya hapo ni hadithi tu. Hakuna aliyeandika. »

Mzee hakujibu mara moja. Walinunua avokado, viazi vilivyochemshwa na maharagi, wakapanda kwa miguu kilima kimoja upande wa Katwa, polepole kwa ajili ya magoti yake. Katwa ina misioni ya zamani ya Wabatisti, na watu wengi wa nje wanaijua kwa sababu mbaya zaidi, kwani ilikuwa moja ya sehemu zilizoumizwa sana na Ebola, ugonjwa uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2.200. Mama alizika dada yake wakati huo. Alisimama kidogo njiani, akaangalia upande mwingine, na hakuna aliyemharakisha.

Walikaa juu ya nyasi. Chini yao mji wote ulionekana, mabati mekundu kwa kutu, moshi wa jikoni, mikaratusi, barabara za udongo zikipanda kila upande. Mzee alingoja watoto wale kwanza. Halafu akamwuliza mwanawe: hao wafanyabiashara wako, biashara waliifundishwa na nani?

Akasimulia habari ya chumvi. Katwe, ng'ambo ya ziwa Edouard, sasa Uganda, kuna ziwa dogo la chumvi ambalo watu walilichota tangu kale. Wayira walishuka milima na vyakula, wakavuka tambarare ya simba na nyati, wakarudi na chumvi mabegani mpaka huku na kuendelea mpaka msituni. Walijua bei, walijua nani wa kumwamini kwa mkopo, walijua mto unavukwa wapi. Wazungu waliochora mpaka mjini Brussels mwaka 1910, Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani mezani pamoja, waliikata njia hiyo katikati. Aliyekuwa akienda kwa shemeji yake akageuka kuwa mtu wa magendo. Ujuzi ulibaki. Lori la Butembo linaloingia Kasindi leo linapita karibu na nyayo za wabeba chumvi.

Na watu ni walewale, mzee aliendelea. Ng'ambo ya Rwenzori wanaitwa Wakonzo. Mtoto wa kiume wa pili huku ni Kambale, kule ni Bwambale. Wa tatu huku ni Kasereka, kule ni Masereka. Wa nne ni Kakule, kule Kule. Mpaka umewekwa katikati ya ndugu, nao bado wanaendelea kuhesabu watoto kwa namna moja. Mdogo wake msichana alijaribu majina hayo kwa zamu na kuamua kwamba ya Uganda yanachekesha.

Baba alinyamaza. Hoja ya chumvi ilimgusa, kwa sababu yeye mwenyewe hununua kakao kwa mkopo na kuaminiana.

Lakini msichana alikuwa bado na picha yake. Alitaka kujua kwa nini watu wenye ufalme na biashara hawakuacha hata mawe mawili juu ya mengine. Hapa inafaa kusema kwamba swali lake ni la haki, na kwamba wasomi wengi walilijibu vibaya kwa miaka mingi, wakidhani pasipo na mawe hapakuwa na mji. Katika karne zile za picha ya kitabu, Kilwa kwenye pwani ya Tanzania ilikuwa na msikiti mkubwa wa mawe ya matumbawe. Karibu zaidi, ng'ambo ya Rwenzori, katika nchi ya Uganda, watu wa Bigo walichimba mahandaki kuzunguka mahali pao juu ya mto Katonga, kilomita zaidi ya kumi kwa jumla, mengine yamekatwa ndani ya mwamba, katika karne ya 14 na ya 15. Huo ndio ukuta wetu wa karibu wa umri ule, nao umegeuzwa chini juu: ni shimo. Kwingine katika Maziwa Makuu mji mkuu ulimfuata mfalme. Akifa, mrithi alijenga juu ya kilima kingine, na kile cha kwanza kilibaki kaburi na kichaka. Kampala imejaa vilima vya namna hiyo: Mutesa wa Kwanza, aliyekufa mwaka 1884, amelala Kasubi palipokuwa kasri lake, na mwanawe Mwanga akajenga Mengo. Nyumba zilikuwa za miti, matete na nyasi. Zilioza kama zilivyotakiwa kuoza.

Mzee hakusema hayo ya Bigo, maana hakuyasoma. Alisema ya kwao. Kila kilima kilikuwa na kyaghanda, nyumba ya wanaume kuzunguka moto, ambamo kesi zilisikilizwa, wageni walihojiwa na vijana walifundishwa ukoo wao. Mgeni alipofika kilimani hakutafuta lango, alitafuta moshi wa kyaghanda. Hapo aliulizwa yeye ni nani, mwana wa nani, wa kilima gani. Asiyejua kujibu alibaki nje.

« Kwa hiyo lango ni maswali, » msichana alisema.

« Wewe ungeingia? » mzee alimwuliza. « Mwana wa nani? »

Alitaja jina la baba yake, akataja la babu yake. Akasimama. La tatu hakulijua. Baba naye aliulizwa. Alifika la nne, akasita, akachukua simu yake kana kwamba jibu lilikuwa humo. Mama, ambaye hakuna aliyetegemea kumwuliza, alitaja sita za ukoo wake bila kupumua, kisha akaongeza vilima vitatu walivyohama. Alifundishwa na mama yake wakati wa kupalilia, alisema. Kwa wanawake moto wa kyaghanda ulikuwa shambani.

Pengine hapo ndipo safari ilipofika. Walipokuwa wanatafuta mji, walikuta kwamba katika nyumba yao mtu mmoja tu wa umri wa miaka themanini anajua jina la mahali walipotoka, tena mahali penyewe hapaendeki. Vita vimefanya haraka kazi ambayo uzee ungefanya polepole. Tangu 2014 vijiji vizima kuzunguka Beni vimehama, wazee wamekufa mjini katika nyumba za kupanga, mbali na kilima ambacho kingewakumbusha jina la mto au la shamba. Mtoto aliyezaliwa uhamishoni anajua jina la mtaa na la shule yake. Ukuta wa mawe ungemngojea miaka mia, na babu hana miaka mia ya kungojea.

Msichana alimwomba babu aonyeshe kwa kidole Beni ya zamani iko upande gani. Kutoka kilima kile haionekani. Mzee aligeuka taratibu, akatafuta jua, akanyoosha mkono kaskazini-mashariki, juu ya mabati, juu ya vilima vya nyuma. « Pale, » alisema. « Nyuma ya vile vya mwisho, unashuka. » Mkono wake ulikaa hewani muda mrefu kidogo.

Saa nane walirudi kwenye gari, kwa kuwa hakuna anayependa jioni imkute njiani. Kwenye kizuizi cha kwanza askari aliuliza wanatoka wapi. Baba akasema walikwenda kutembea tu. Askari aliwatazama, mzee, mama, watoto wawili wenye majani ya mkaratusi mikononi, akasema hajaona watu wa kutembea siku nyingi, akawaacha wapite bila kuomba chochote.

Mdogo alilala kabla ya Maboya. Msichana alikuwa amefungua daftari lake la hesabu, kwa sababu ndilo aliloleta, na upande wa nyuma alikuwa anaandika. Mzee alitaja jina, alingoja, akataja jingine: baba yake, baba wa baba yake, kilima, kijito, mahali pa kuvukia Semliki, mti uliokuwa karibu na kaburi. Gari liliporuka shimoni kalamu iliteleza, akaandika tena. Baba alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Joto lilipoanza kurudi na michikichi kuonekana, mzee alimwomba asome yote tangu juu. Alisoma. Kwenye jina la tano alikosea herufi moja, likawa jina la mtu mwingine kabisa. Mzee akatikisa kichwa, akalirudia pole pole. Msichana akalikata kwa mstari, akaandika upya pembeni, na kuuliza linalofuata.